Vijana wa udereva wa basi, soma hapa kabla ya Jumamosi

Ndugu zangu, habari za jioni.

Wengi mmenifuata inbox mkiuliza kama leseni ya gari dogo inatosha kushika basi. Haitoshi. Daraja B ni la gari binafsi. Basi la abiria 30 na kuendelea ni daraja C, na C1 ni la magari madogo ya abiria kuliko hayo. Ili upandishwe daraja lazima usome kozi ya magari ya abiria, VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) au NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji), upate cheti, upimwe na trafiki, ndipo TRA, mamlaka ya mapato, wakutolee leseni. Baada ya hapo kuna LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini: wanampima dereva na kumsajili, na ule mfumo wa kufuatilia mabasi unamtambua aliyeko kwenye usukani.

Nawaomba sana, msinunue cheti kwa vishoka, yaani matapeli wa vyeti. Abiria wa Tabora hadi Kigoma anasinzia kwa sababu anakuamini wewe, na ule mwendo wa mwisho wa kilomita 80 kwa saa unawahusu ninyi hata usiku barabara ikiwa tupu.

Kuhusu kuanza: tajiri, yaani mwenye basi, hakupi basi kubwa siku ya kwanza. Anza deiwaka (kushikia gari kwa siku) kwenye Hiace za Urambo au Sikonge, jina likue. Mama mmoja wa humu ameanza hivyo, namheshimu mno.

Jumamosi saa 10 jioni, pale pa siku zote. Njoo na leseni uliyonayo, namba ya TIN (ya mlipakodi) na cheti chochote cha udereva. Asiyeweza kufika anijulishe mapema.