Kikao cha kunakili kanda za muziki kwenye flashi kimesogezwa: sasa Jumamosi

Habari za jioni, kaka na dada zangu. Badala ya Jumapili tutakutana Jumamosi hii saa 9 alasiri, Magomeni, palepale kwa mwenyekiti.

1. Njoo na kanda zisizozidi tano. Za bendi ya Sikinde tunazo tele. Mwenye za NUTA au JUWATA Jazz (Msondo ya zamani), hasa alizonasa redioni enzi za RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), atatangulia kunakiliwa. Sauti ya mtangazaji ikiingia katikati ya wimbo tunaiacha, kwangu mimi ndiyo utamu wenyewe.

2. Kanda yenye ukungu mweupe usiipige nyumbani, itachafua hedi (kichwa cha deki kinachosoma kanda) na kuambukiza kanda nyingine. Ilete hivyohivyo. Iliyolegea, ikaze taratibu kwa kalamu.

3. Mchango sh. 5,000 kwa mhazini, mwisho Alhamisi usiku. Tunanunua mpira mpya wa deki na spiriti ya kusafishia hedi.

4. Flashi kila mtu na yake.

Deki ni moja, na kanda ya dakika 60 inanakiliwa kwa dakika 60 zilezile, hakuna mkato. Kwa hiyo thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi: jina, idadi ya kanda na bendi. Dole gumba peke yake silihesabu, jamani.