Wafugaji wa kondoo msitupe manyoya, kuna watu tunayatafuta

Kwa Mhariri,

Nakusalimu wewe na wasomaji wote. Mimi ni soja wa usiku kwenye godauni moja hapa Nakuru, huu ni mwaka wa sita nakaa getini kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na kitu kinachonizuia nisisinzie si chai wala redio, ni kroshia. Ndio, mwanaume na kroshia, wanaotaka kucheka wacheke wamalize. Mamangu alikuwa anafuma vitambaa vya makochi na mimi ndo nilikuwa wa kushikilia uzi, sindano nikaijua nikiwa darasa la nne, alafu nikaiacha nikaona ni mambo ya wasichana, nikairudia uzeeni hapa getini baada ya kuona usiku ni mrefu na simu inamaliza bando. Nafuma mavini (kofia) za baridi, soksi za watoto wachanga, saa zingine shali. Zingine nauza kwa madereva wa malori, zingine napeana.

Sasa ninachotaka kusema leo kilianzia Kinangop mwezi wa kwanza, tulipoenda kumwona mjomba wa mke wangu. Nikapata anakatiwa kondoo manyoya. Ana kama ishirini hivi, wengine ni Corriedale, aina ya kondoo wa sufu, wamechanganyika na wengine hata mwenyewe hajui. Yule kijana wa makasi anamkalisha kondoo kwa matako kama mtoto anayenyolewa, anashuka na makasi, na nguo yote inatoka ikiwa imeshikana kama blanketi, nje chafu rangi ya vumbi lakini ukiigeuza ndani ni nyeupe na inang'aa na mafuta. Nikauliza, Mzee, hii unapelekanga wapi? Akaniangalia kama mtu ameuliza maganda ya viazi yanapelekwa wapi. Akasema zamani lori lilikuwa linakuja kuchukua, siku hizi hakuna lori, hiyo nikitaka nibebe, ikibaki itaenda shimoni na mbolea. Na akakata si kwa kupenda. Hawa kondoo wa sufu si kama wale wekundu wa Wamaasai ama Dorper ambao nywele zinajipukutikia zenyewe, hawa usipowakata wanalemewa, wakinyeshewa wanabeba maji, kinyesi kinagandia huko nyuma na nzi wanataga mayai. Kwa hivyo mzee analipa mtu akate, alafu analipa tena kwa jasho lake kutupa. Mimi nikabeba gunia moja. Mke wangu hakuniongelesha mpaka Naivasha, maana matatu nzima ilikuwa inanuka kondoo.

Mhariri, nilikuwa nimefuma na kitu tunaita "wuli" maisha yangu yote na hiyo siku ndo niligundua sijawahi kushika wuli. Ule uzi wa dukani, donge moja mia na hamsini, ni akriliki, yaani ni plastiki inayotokana na mafuta ya petroli. Hujaamini? Chukua kipande cha huo uzi ukichome na kiberiti (fanyia nje na uwe mwangalifu), utaona unayeyuka unatiririka na ukipoa unabaki kijiwe cheusi kigumu. Alafu chukua unyoya wa kondoo, unanuka nywele zilizoungua, moto wenyewe unajizima, na majivu unayasaga na kidole. Mimi nimelipia plastiki miaka yote hiyo nikiambiwa ni wuli, na mwenye duka hata hadanganyi, yeye pia anaita hivo kwa sababu sisi sote tunaita hivo. Lakini ningependa wale wanaobandika karatasi kwenye rafu waandike akriliki. Si lazima waache kuuza, mimi mwenyewe bado nanunua, ina rangi nzuri na haishikani ukiifua kwa mashini. Ila jina ni jina.

Na tofauti unaijua saa nane za usiku. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, na mwezi wa saba getini si mahali pa mchezo. Mavini ya akriliki ikishika manyunyu inakuwa baridi kichwani kama tambara la deki. Ya sufu inakunywa unyevu mwingi, mpaka karibu theluthi ya uzito wake, kabla hujahisi imelowa, na hata ikilowa bado inakupa joto.

Lakini kutoka kwa gunia mpaka kwa mavini, wee! Hapo ndo nataka wasomaji wanisikize maana nilipoteza karibu nusu ya gunia kwa ujinga.

Kwanza kuosha. Mimi niliosha vile naosha soksi, beseni, sabuni ya unga, nikasugua kwa nguvu alafu nikasuuza na maji baridi ya mfereji. Nilichotoa kwa beseni kilikuwa kimekuwa jamvi. Kumbe unyoya wa kondoo una magamba madogo madogo hayaonekani kwa macho, ukiuchokoza kwenye maji moto na sabuni ama ukiustua kutoka moto kwenda baridi yale magamba yanashikana na hayaachani tena mpaka kiyama. Mtoto wangu wa mwisho hukalia lile jamvi akifanya homuwaki. Mara ya pili nilitia maji moto mkono hauwezi kukaa, sabuni ya vyombo, nikazamisha pole pole na sikugusa, dakika ishirini, nikatoa kabla maji hayajapoa, nikarudia kwa maji mengine ya joto lile lile. Maji ya kwanza yalitoka kahawia kama chai ya turungi, nikamwagia sukumawiki. Na uzito ulipungua ajabu, nilipima kwa mizani ya duka la jirani kilo tatu chafu, nikapima safi na kavu ikawa kilo mbili kasoro. Hiyo ingine yote ilikuwa mafuta, jasho na mchanga wa Kinangop. Mafuta yenyewe si mabaya, ndo yale wanayotia kwa losheni, mikono yangu haijawahi kuwa laini hivo tangu nizaliwe.

Pili kuchana. Kuna vifaa vyake kama brashi mbili kubwa za meno ya waya lakini mimi nilitumia brashi za mbwa kutoka agrovet, zile mbili, unaweka manyoya kwa moja na unavuta na ingine mpaka nyuzi zote zinaangalia upande mmoja, alafu unaviringisha unapata kitu kama soseji nyepesi. Moja ya hizo brashi ilikuwa ya mbwa wa kampuni, siwezi kusema zaidi.

Tatu ndo kusokota. Unahitaji kijiti na kitu kizito cha duara cha kukizungusha, kama ile pia ya watoto, na mimi naiita pia tu. Pia yangu ya kwanza ilikuwa kiazi, nakwambia ukweli, kiazi cha hapo hapo Kinangop kimetobolewa katikati na kijiti cha mwavuli uliovunjika. Kilifanya kazi wiki mbili vizuri kabisa alafu kikaanza kunyauka, kikawa chepesi upande mmoja, pia ikaanza kuyumba kama mlevi, wiki ya nne kikatoa machipukizi. Sai natumia sidii mbili za zamani nimezigandisha pamoja. Na usidhani ni uvumbuzi wangu, pwani wazee wetu walifanya hivo hivo miaka mia nyingi iliyopita, wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata Kilwa na Shanga vipande vya vyungu vimechongwa duara na kutobolewa shimo katikati, vya kusokotea pamba. Chungu kikivunjika hawatupi, wanatengeneza pia.

Usiku wa kwanza ule uzi ulikatika sijui mara ngapi, pia inaanguka kwenye simiti kwa! mpaka mbwa wanabweka na mimi mwenyewe nashtuka nadhani ni mwizi. Na pale haukukatika ulikuwa na mafundo, hapa mnene kama kamba ya kufunga ng'ombe, hapa mwembamba kama uzi wa kushonea kifungo. Kilichonisaidia ni vitu viwili. Cha kwanza ni kuacha haraka, unazungusha pia, inajaza msokoto, alafu unaibana katikati ya magoti, ndo sasa unavuta manyoya taratibu na kuruhusu ule msokoto uingie kwenye manyoya, unazungusha tena. Ukizoea ndo unaiacha ining'inie ikizunguka huku unavuta. Cha pili nilikijua mwenyewe baada ya wiki nzima ya hasira: mikono yako miwili lazima iwe mbali kuliko urefu wa unyoya mmoja. Manyoya ya mjomba ni marefu kama kidole cha kati, sasa mimi nilikuwa nimeweka mikono karibu karibu kwa woga, kumbe mkono huu umeshika unyoya upande huu na mkono ule umeshika unyoya ule ule upande wa pili, navutana na mimi mwenyewe. Nilipotenganisha mikono, uzi ukaanza kutiririka wenyewe, nikacheka peke yangu pale getini.

Alafu sasa kuna jambo la sisi wa kroshia ambalo sikuambiwa na mtu. Uzi wa mstari mmoja ukiufuma hivo hivo kofia inapinda, ya kwanza ilikaa kichwani kama chupa iliyokanyagwa, ndo maana unasokota nyuzi mbili pamoja kwa kuzungusha pia upande wa kinyume, ile nguvu ya huku inatulizana na ya kule. Sawa, nikafanya hivo, wa kwanza kulia, wa pamoja kushoto, kama uzi mwingi wa madukani. Lakini nikifuma nikaona sindano inaupasua, nyuzi mbili zinaachana, nachoma katikati badala ya kuingia kwa tundu. Nilidhani nimesokota vibaya. Kumbe sisi tunaofuma na mkono wa kulia, vile tunavyozungushia uzi kwa sindano, kila kishono kinafungua ule msokoto kidogo kidogo. Nikageuza kila kitu, mstari mmoja kushoto, wa pamoja kulia, na sasa kila kishono kinaukaza badala ya kuufungua. Tofauti ni kama usiku na mchana, vishono vimesimama, mistari inaonekana. Wenye mkono wa kushoto nadhani mnajua mfanye kinyume. Huo uzi huwezi kununua kirahisi, na ndo sababu nasema mtu wa kroshia ana haja ya kusokota hata kama hana shida ya pesa.

Watu wananiuliza inalipa? Hailipi. Mavini moja inachukua kama gramu tisini, hizo ni usiku nne za kusokota na mbili za kufuma, na dereva wa lori atanipa mia tatu akiwa na roho nzuri. Hilo swali nimelichoka, mbona hakuna anayemuuliza mtu anayeangalia mpira kama inamlipa.

Lakini kwa mfugaji ni tofauti, yeye tayari ameshakata. Hapo ndo barua yangu inaenda. Najua hatutarudi nyakati za kiwanda cha sufu cha Raymond pale Eldoret, na sijaandika kuomba serikali ifufue kitu. Najua pia kule Nanyuki kuna akina mama wanasokota na kufuma mazulia tangu miaka ya sabini na kazi yao ni nzuri sana, lakini sisi wa kilo moja kilo mbili tuko wengi na hatujui tuulize wapi. Mfugaji wa Kinangop, Molo, Ol Kalou, Njoro (huko Njoro ndo yule mzungu mlowezi Delamere alianza kuwajaribu kondoo wa sufu wa merino zaidi ya miaka mia iliyopita, wengi wakamfia), ukikata mwezi wa kwanza au wa pili jua likiwa kali, naomba hivi. Mwambie wa makasi apite mara moja, asirudie mahali ameshapita, vile vipande vifupi vya kurudia ndo vinatuletea vinundu kwenye uzi. Ng'oa pembeni sehemu yenye kinyesi na ya tumboni, hiyo peleka shambani. Usifunge ikiwa na unyevu, inaoza na kugeuka njano. Na tafadhali sana usitie kwenye gunia la plastiki lililochanika kama lile la mjomba, nyuzi za gunia zinaingia ndani na mpaka leo natoa nyuzi za kijani kwenye kofia nyeupe. Kitambaa cha kawaida ama shuka kuukuu inatosha. Weka kwa kilo, peleka na viazi siku ya soko, andika kwenye kadibodi "manyoya ya kondoo", utaona nani atasimama.

Mimi nitasimama. Nilishamwambia mjomba mwaka ujao asimwambie kijana atupe kitu mpaka nifike, na nitamlipa, si ya bure tena, naona aibu. Akauliza nitamlipa ngapi kwa kilo, nikamwambia ataje yeye, akacheka akasema hajui, hakuna mtu amewahi kumwuliza.

Jina langu usilichapishe Mhariri, bosi husoma gazeti lenu na yeye ndo alinunua ile brashi ya mbwa.

Soja wa usiku,
Nakuru