Shafti imelika, chuma chake kimekwenda wapi?

Wiki iliyopita nahodha mmoja wa Sahare alituletea shafti ya propela ya mashua yake hapa karakanani Ngamiani, Tanga. Tulipoipima kwa mikromita, kile kifaa cha kupimia unene, alinyamaza kidogo. Ilifungwa ikiwa na unene wa milimita 30, sasa imebaki 29.6. "Mwanangu," akaniuliza, "hicho chuma kimekwenda wapi? Mbona hata unga sijauona?" Wateja wengi wanatuuliza hivyo, na swali linastahili jibu la kueleweka.

Shafti hata ukiikereza na kuipiga msasa mpaka ujione sura, ukiisogelea sana utakuta vilima na mabonde. Bushi, ile pete inayoishikilia shafti inapozunguka, nayo ni hivyo hivyo. Zikikutana zinagusana kilele kwa kilele, na eneo linalogusana kwelikweli mara nyingi halifiki hata moja ya mia ya lile unaloliona kwa macho. Mzigo wote unabebwa na vilele hivyo vichache. Chuma kinaondokea hapo, pengine kwa vibanzi, pengine atomu moja moja.

Dalili za hizo atomu moja moja zimeshuhudiwa. Mwaka 2013 watafiti Jacobs na Carpick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walieleza jinsi walivyosugua ncha ndogo mno ya silikoni, ile ya kutengenezea chipu za kompyuta, kwenye almasi ndani ya darubini ya elektroni, huku wakiitazama. Ncha haikumeguka. Iliisha taratibu, atomu kwa atomu, kama mmenyuko wa kemikali, na kadiri mkandamizo ulivyozidi, kasi ya kulika ilizidi kupanda haraka. Atomu imeshikwa na jirani zake. Ikikandamizwa na kupata joto, mshiko unaachia. Silikoni si chuma cha mashua, lakini mimi tangu nilipolielewa jambo hili sitazami tena shafti kwa jicho lile la zamani.

Nilimpigia nahodha hesabu. Shafti ikipungua milimita 0.4 kwa unene, kila upande umepoteza 0.2. Atomu ya chuma ina upana wa karibu nanomita 0.25, na nanomita milioni moja ndiyo milimita moja. Kwa hiyo zimeondoka safu kama 800,000. Shafti ina miaka miwili baharini, basi ni safu kama 1,100 kila siku. Nyingi mno kuzihesabu, ila zikiwekwa pamoja hazifikii hata unene wa unywele, na maji yanazichukua siku hiyo hiyo.

Kwenye mashua yake kulikuwa na wabaya wengine wawili, mchanga na chumvi. Bushi yake ni ya shaba, laini kuliko shafti, na watu hudhani kilicho laini ndicho kitakachoisha kwanza. Lakini mchanga ukiingia unajikita kwenye shaba na kuigeuza msasa, nayo inakwangua chuma kigumu kila mzunguko. Ukibadilisha shafti ukaacha bushi ileile, umeifungia shafti mpya msasa wa zamani. Mwingine ni chumvi. Chuma kinashika kutu, kutu inasuguliwa inatoka, chuma kibichi kinabaki wazi, nacho kinashika kutu tena. Sisi wa pwani tunalipa zaidi kwa hilo kuliko wenzetu wa Korogwe, mbali na bahari.

Grisi safi inatenganisha vilele na kuzuia maji. Kwenye injini, oili nyingi huwekewa kemikali yenye zinki na fosforasi. Pale vilele vinapobanana inajenga utando mwembamba sana, na utando ndio unaolika badala ya chuma. Kemikali hiyo inaisha kadiri oili inavyotumika. Ndiyo maana tunakataa kabisa kumfungia mtu injini kisha akaijaza oili chafu aliyopewa bure gereji. Ina weusi na utelezi, lakini kinga imeshakwisha.

Shafti iliyolika kidogo tunaisafisha na kuikerezea bushi ya kipimo chake. Iliyolika sana tunaijazia kwa kulehemu, kisha tunaikereza upya. Iliyopinda hatuijazii, tunakushauri ununue nyingine.

Ukija, leta shafti na bushi yake pamoja, na tafadhali usizioshe. Unga mwekundu unatuambia kutu, vibanzi vinavyong'aa vinatuambia grisi ilikauka, na chembe za mchanga tunazihisi kwa kidole.