Sindano ya moto haitambui pembe ya ndovu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nipinge ushauri unaosikika sana huku Iringa na Mbeya: kwamba ukitaka kujua kama bangili au mpini wa kisu ni pembe ya ndovu halisi, pasha sindano moto uchome. Sindano haitenganishi pembe na mfupa, maana vyote viwili haviyeyuki. Tena ni hatari. Pembe bandia nyingi za zamani ni seluloidi, ile aliyoitengeneza John Wesley Hyatt wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1860 akitafuta mbadala wa pembe kwa mipira ya biliadi. Hutokana na nitrati ya selulosi na kafuri, nayo hulipuka moto mara moja. Isugue tu kwa kidole hadi ipate joto, harufu ya kafuri itakuambia.

Kipimo bora ni macho. Chukua kioo cha kukuzia kinachoongeza mara kumi, utazame sehemu iliyokatwa kukingama jino (pembe ya ndovu ni jino): kwenye bangili ni ile kingo bapa, kwenye mpini ni kitako. Pembe halisi ina makundi mawili ya mistari yanayopishana kama wavu. Piga picha karibu na ukingo wa nje, chora juu yake, kisha pima kwa kipimapembe cha kwenye mkebe wa wanafunzi. Kwa ndovu wa leo pembe za mpishano huo huzidi nyuzi 115. Kwa mamothi, jamii ya ndovu waliotoweka zamani, huwa chini ya 90. Usipimie katikati ya jino, kwani huko nyuzi hupungua na utadanganyika.

Seluloidi nayo ina mistari, ila imenyooka, imelingana nafasi, na haipishani popote. Resini, yaani plastiki ya kumimina, huonyesha vipovu vya hewa au mshono wa kalibu. Mfupa, hata ukipaushwa vipi, hubaki na vitundu na michirizi myeusi ya njia za damu. Jino la kiboko halina wavu ule. Lina mistari myembamba inayofuatana na umbo la jino.

Uzito husaidia, lakini usiutegemee peke yake. Weka glasi ya maji juu ya mizani ya sonara, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza kitu kwa uzi kizame bila kugusa glasi. Namba utakayoiona kwa gramu ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba hiyo: bangili ya gramu 54 ikionyesha 30, jibu ni 1.8. Pembe huwa kati ya 1.7 na 1.9, seluloidi karibu 1.4. Mfupa huangukia humo humo kwenye pembe, na resini iliyojazwa unga wa madini yaweza kufika pia. Kitu chenye nyufa usikizamishe kabisa.

Nasisitiza haya kwa sababu kwetu, jirani na Ruaha, hatari kubwa ni pembe halisi kuuzwa kwa jina la mfupa. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwa na nyara ya Serikali, ikiwemo pembe ya ndovu, bila kibali ni kosa, hata kama ni bangili moja. Ukiuona ule wavu dukani, usinunue. Ukiuona kwenye sanduku la urithi, usikiuze kitu hicho wala kusafiri nacho kabla ya kumwona ofisa wanyamapori wa wilaya.

Msomaji wako,
Iringa