Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Kaunti ya Kiambu: Panga la tarehe 5 Juni

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa biolojia, jirani wa kinamasi cha Ondiri hapa Kikuyu, Mto Nairobi unakochimbuka. Nakuandikia kuhusu mmea ambao kila mtu huuita nyasi, nao si nyasi.

Lizungushe shina lake kati ya vidole viwili: utazihisi pembe tatu. Shina la nyasi ni mviringo, lina vifundo. Huu basi ni jamaa wa mafunjo na ndago, ukoo mkubwa wenye watoto wanaofanana mno. Kwa majani pekee hata mtaalamu hathubutu kutaja jina. Anataka kokwa iliyokomaa, ndogo kama punje ya chumvi, aitazame umbo lake kwa kioo cha kukuzia.

Hapo ndipo tunapokwama. Mmea huu huchanua mvua ndefu zikiisha, na kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, hufika watu wema wenye fulana mpya kuja "kusafisha" kinamasi. Wanaokota plastiki, na Mungu awabariki. Kisha wanashika mapanga. Miaka mitatu nimefuatilia kichaka kimoja chenye upana wa mkeka wa kulalia, na miaka yote mitatu nimekuta visiki kabla kokwa hazijaiva. Kwenye daftari langu bado kinaitwa "Na. 7".

Sidai kwamba ni mmea adimu. Huenda ni ndago wa kawaida na macho yangu ndiyo yamezeeka. Lakini Ondiri ni mkeka wa mizizi unaoelea juu ya maji. Ukikanyaga, hutikisika hadi hatua kadhaa mbele yako. Mahali kama hapo hapa Kenya ni pa kuhesabika, na mmea uliopazoea hauna pa kuhamia.

Naomba mawili. Ufyekaji usogezwe hadi Septemba. Plastiki iokotwe hata kesho. Pili, ofisi yako iwaandikie wataalamu wa hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa ya Makumbusho ya Taifa, hifadhi iliyoanzia Amani, Tanzania ya leo, mwaka 1902 na kuhamia Nairobi 1950. Watume mtu mmoja mwezi Julai, na magazeti makuukuu ya kukaushia sampuli. Nitamwongoza mwenyewe. Aje na gambuti, na asinitangulie: upande wa mashariki mkeka ni mwembamba.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Kikuyu