Miwani haishiki kisu

Mhariri,

Makala yenu ya juzi ya kusifia miwani ya uhalisia mseto kwenye upasuaji, ile inayomwonyesha daktari picha za kompyuta juu ya mwili wa mgonjwa, niliisoma mara mbili. Mtu akiimaliza anaweza kudhani miwani ndiyo inayopasua.

Mwaka juzi kijana wangu aligongwa akiwa kwenye bodaboda. Mguu ulivunjika chini ya goti, ngozi ikachunika, mfupa ukabaki nje. Tukapelekwa kwa daktari wa upasuaji wa plastiki. Jirani akaniuliza, "Wanamwekea plastiki gani?" Hakuna plastiki. Wanatoa kipande cha ngozi na nyama pajani, pamoja na mshipa wake wa damu, wanakihamishia kwenye kidonda na kuuunga mshipa huko. Wakiukosea, kipande kinakufa.

Usiku wa kuamkia upasuaji nilikuwa kando ya kitanda. Daktari alimpaka jeli pajani, akapitisha kidude kama kalamu nene. Kikawa kinalia shwa, shwa, shwa, sauti ya damu ikipita mshipani. Kila sauti ilipopanda, aliweka alama kwa wino. Mimi ni fundi cherehani, nikamwambia, "Dokta, hiyo si chaki yangu hiyo?" Akacheka.

Basi miwani mnayoisifia ni chaki hiyohiyo. Mwaka 2018 madaktari wa Imperial College na hospitali ya St Mary's, London, walieleza walivyotumia HoloLens, miwani ya aina hiyo ya kampuni ya Microsoft, kwenye majeraha ya miguu. Picha za CT, yaani eksirei zinazoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, zinageuzwa kuwa umbo la mifupa na mishipa, na daktari akivaa miwani analiona limelala juu ya mguu wa mgonjwa. Kulilinganisha na mguu ni kazi ya daktari mwenyewe. Na baada ya hayo yote, walihakikisha mshipa ulipo kwa kuusikiliza kwa kidude kama kile cha shwa shwa! Hilo hamkuliandika.

Wala hamkuandika kwamba Microsoft iliacha kutengeneza HoloLens mwaka 2024. Nina cherehani nyumbani ambayo vipuri vyake havipatikani tena. Nimeifanya meza.

Sipingi miwani. Kuchora kule kulichukua karibu saa nzima, na kijana alikuwa anatetemeka kwa baridi ya jeli. Ila mkiandika tena, muulizeni anayeshika kisu. Wetu usiku ule alikwama kwa betri ya kidude. Aliazima wodi ya wazazi.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga