Kaka, mtoto wa jimbo hana kiti cha uhakika katika chuo cha jimbo lake

Sacramento, California

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta buheri wa afya, wewe, wifi, watoto na Mama, ambaye naomba umfikishie salamu zangu kabla hujaendelea kusoma. Sisi huku hatujambo.

Ama baada ya salamu, nakuandikia kuhusu swali uliloniuliza tulipozungumza kwa simu, nami nikakujibu juujuu kwa sababu jambo lenyewe halitoshi kwenye simu. Uliuliza inakuwaje mpwa wako, aliyekulia katika jimbo hili, akasoma shule ya serikali ya hapa, na ambaye sisi wazazi wake tunalipa kodi za jimbo hili, anyimwe nafasi na kampasi mbili za chuo kikuu cha jimbo hilohilo, ilhali alama zake ni za juu. Wewe umefundisha sekondari miaka mingi, na kwa hesabu unayoijua, mtoto aliyetoka kidato cha sita na daraja la kwanza la pointi tatu hahangaiki kama atapata chuo. Nilihisi kwamba unadhani ama mtoto alilegea mwishoni, ama sisi hatukujua kuomba. Si hili wala lile, na ningependa uelewe mambo yanavyokwenda huku, maana neno la mjomba wake lina uzito kwake kuliko langu.

Chuo kikuu cha umma cha California si chuo kimoja. Upo mfumo wa Chuo Kikuu cha California, wenye kampasi kumi, ambazo tisa kati yake hupokea wanafunzi wa shahada ya kwanza. Upo mfumo wa pili, Chuo Kikuu cha Jimbo la California, wenye kampasi zaidi ya ishirini. Kisha vipo vyuo vya jamii, zaidi ya mia moja, ambavyo havimkatai mhitimu yeyote wa sekondari. Mgawanyo huu uliwekwa mwaka 1960 katika Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu, wakati Clark Kerr akiwa rais wa Chuo Kikuu cha California na Pat Brown akiwa gavana. Mpango ule uliahidi kwamba sehemu moja ya nane ya wahitimu wa sekondari, wale wa juu kabisa, wangepata nafasi katika mfumo wa kwanza, theluthi ya juu katika mfumo wa pili, na waliobaki wangeanzia vyuo vya jamii wakiwa na njia ya kuhamia chuo kikuu baadaye. Wakati huo jimbo lilikuwa na watu wasiozidi milioni 16, na leo wako takribani milioni 39, wakati kampasi mpya kuliko zote, ile ya Merced, ilifunguliwa mwaka 2005. Ahadi haijafutwa, lakini tangu mwanzo ilikuwa ahadi ya kiti ndani ya mfumo, wala haikuwa ahadi ya kiti katika kampasi ambayo mtoto ameichagua moyoni.

Siku hizi inatekelezwa hivi. Mkazi wa California aliye ndani ya asilimia tisa ya juu ya wahitimu wa jimbo zima, au asilimia tisa ya juu ya shule yake mwenyewe, akikataliwa na kampasi zote alizoomba, hupewa nafasi katika kampasi nyingine iliyobaki na viti, na kwa miaka mingi kampasi hiyo imekuwa Merced. Kipimo hicho cha shule yake mwenyewe nakiona ni cha haki, kwa kuwa mtoto wa vibarua wa mashamba anashindana na wenzake wanaokaa naye darasani, badala ya kulinganishwa tu na watoto wa vitongoji vya matajiri ambao wana walimu wa ziada jioni.

Ugumu wenyewe unatofautiana mno kati ya kampasi na kampasi, na hapa ndipo ndugu wengi walioko nyumbani wanapopotea, kwa sababu majina yote yanaanza na Chuo Kikuu cha California. Kampasi ya Los Angeles hupata maombi zaidi ya 140,000 kwa mwaka kutoka kwa wanafunzi wanaomaliza sekondari, na inaowachagua hawafiki kumi katika kila mia. Berkeley haiko mbali na hapo. Riverside huchukua zaidi ya nusu ya wanaoomba, na Merced huchukua wengi zaidi. Hata ndani ya kampasi moja, anayeomba uhandisi, sayansi ya kompyuta au uuguzi mara nyingi hupita katika tundu dogo zaidi kuliko mwenzake. Sasa fikiri kwamba waliochaguliwa Los Angeles, wengi wao, wana wastani unaokaribia 4.0 ambao ndio ukomo wa kipimo cha kawaida, kisichoongezewa pointi za masomo magumu, na waliokataliwa vilevile wamo maelfu wenye wastani huohuo. Alama peke yake haziwezi tena kuwatenganisha. Mtoto aliyekosa nafasi hapo hajashindwa mtihani, kwa sababu hapakuwa na mtihani.

Nasema hapakuwa na mtihani nikimaanisha hivyo hasa. Kuanzia mwaka 2021 mfumo wa Chuo Kikuu cha California hautazami kabisa matokeo ya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani uliowahi kuniuliza habari zake. Wanachotazama ni masomo 15 ya lazima ya miaka minne ya sekondari na alama zake, ambapo mkazi anatakiwa awe na wastani usiopungua 3.0, kisha insha nne fupi ambazo kila moja haizidi maneno 350, shughuli alizofanya nje ya darasa, na mazingira aliyosomea, yaani shule yake ilimpa nafasi gani naye alizitumiaje. Mtoto aliyekuwa akilea wadogo zake au akifanya kazi baada ya shule anaruhusiwa kuyaeleza hayo, na yanasomwa. Mpwa wako aliandika juu ya kumtafsiria baba yake hospitalini, na nilipoisoma insha hiyo nililia.

Uliuliza pia kama rangi yetu imemsaidia au imemponza. Kisheria haiangaliwi. Wapigakura wa California walipitisha Pendekezo la 209 mwaka 1996, lililokataza vyuo vya umma kuzingatia rangi katika udahili, miaka mingi kabla Mahakama ya Juu ya Marekani haijatoa uamuzi kama huo kwa nchi nzima mwaka 2023. Kuwa na mzazi aliyesoma hapo nako hakuhesabiki. Kuhusu kujuana, sitakuficha: mkaguzi wa jimbo alitoa ripoti mwaka 2020 akionyesha waombaji 64 walioingizwa isivyo haki kwa miaka kadhaa kwa sababu ya uhusiano wa familia au marafiki, 22 kati yao kwa mlango wa michezo. Ni idadi ndogo kwa chuo chenye mamia ya maelfu ya wanafunzi, lakini kila kiti kati ya hivyo kilikuwa cha mtoto wa mtu.

Liko na suala la fedha. Baada ya mdororo wa uchumi wa mwaka 2008, ruzuku ya jimbo ilipokatwa, kampasi ziliongeza wanafunzi kutoka majimbo mengine na nchi za nje kwa sababu hao hulipa ada ya mkazi na juu yake zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka. Wazazi wa hapa walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Mwaka 2017 bodi ya chuo ikaweka ukomo wa asilimia 18 kwa kampasi nyingi, na mwaka 2021 serikali ya jimbo ikakubali kutoa fedha ili Berkeley, Los Angeles na San Diego, ambazo zilikuwa juu ya ukomo huo, zishuke hatua kwa hatua na viti virudi kwa wakazi. Viti vimeongezeka kweli, ila waombaji nao wameongezeka.

Hapo nikujibu kuhusu mwanao wa mwisho kuja kusoma huku, kwa sababu wifi aliniomba niseme wazi. Kuja kukaa kwa shangazi yake hakumfanyi kuwa mkazi wa jimbo. Ukazi unahitaji zaidi ya mwaka mzima wa kuishi hapa kwa nia ya kudumu, kwa kijana wa umri wake huangaliwa zaidi wazazi wake wako wapi, na aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi hahesabiwi kuwa mkazi hata akikaa miaka minne. Angehitaji wastani wa 3.4, angelipa ada ya mgeni, na msaada wa fedha kwa mgeni wa shahada ya kwanza ni haba sana. Kwa gharama hiyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinamfaa, na nitachangia.

Njia ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya vyuo vya jamii. Mwanafunzi husoma miaka miwili kwa ada ndogo, kisha huomba kuhamia. Kampasi sita za Chuo Kikuu cha California, ambazo ni Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, humwahidi nafasi akitimiza masharti yaliyoandikwa mapema. Los Angeles na Berkeley hazitoi ahadi hiyo, lakini wanaohamia huchaguliwa takribani robo ya walioomba, na karibu wote wanaopokelewa Los Angeles kwa njia hii wametoka vyuo vya jamii vya California. Shahada anayopata mwishoni ni ileile. Jirani yetu, dereva wa basi, alipita huko akiwa na watoto wawili.

Mpwa wako amepata Riverside na Santa Cruz, pamoja na chuo cha jimbo cha hapa Sacramento, ambako angelala nyumbani. Anataka biolojia, kisha udaktari. Mimi naegemea Riverside kwa sababu ina shule yake ya tiba na wanafunzi wake wengi ni wa kwanza katika familia zao kufika chuo, baba yake anaegemea gharama, naye mwenyewe bado ananyamaza. Anapaswa kujibu ifikapo tarehe 1 Mei. Nakuomba umpigie kabla ya siku hiyo, usimtajie kampasi zilizomkataa, umpongeze kwa hizi tatu na umuulize anataka kusoma wapi, kwa maana sisi wawili tumekwisha kusema mengi na hajapata mtu wa kumsikiliza tu.

Nisalimie wote nyumbani.

Ni mimi mdogo wako.